Maduara matatu, mwanafunzi mmoja

Mchoro huu umeshauona. Maduara matatu yamepishana: moja limeandikwa hisabati, la pili sayansi ya kompyuta, la tatu sayansi nyingine yoyote utakayo, iwe biolojia, fizikia, hali ya hewa au mabomba ya maji. Pale katikati yanapokutana pamepakwa rangi iliyokolea, na ndani yake pameandikwa "sayansi ya ukokotoaji". Utaukuta kwenye vipeperushi vya vyuo, kwenye slaidi za siku ya kwanza ya muhula, na kwenye maandiko ya kuomba fedha kwa wafadhili. Mwanafunzi anaambiwa kwamba yeye ndiye huyo wa katikati. Makofi, halafu anapewa ratiba.

Makala hii inaukosoa mchoro huo, pamoja na mafunzo ya uzamili na uzamivu yanayojengwa juu yake. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Wazo ni zuri na nitakueleza kwa nini. Shida ni kwamba mchoro unaonyesha maarifa yanapokutana, lakini umeficha mambo matatu ambayo mwanafunzi ndiye anayeyalipia: nani anayafundisha hayo makutano, nani anamtahini aliyesimama hapo, na nani anapewa sifa kazi ikikamilika. Kama unafikiria kujiunga na programu ya aina hii, iwe Arusha, Nairobi, Kigali au ng'ambo, ni vizuri uyajue kabla hujasaini.

Wazo lilitoka wapi

Mwaka 1950 kikundi kidogo cha watafiti Marekani kilitumia kompyuta ya ENIAC kutabiri hali ya hewa kwa kukokotoa. Utabiri wa saa 24 ulichukua takriban saa 24 kuutengeneza, yaani mvua na mashine zilikuwa zinakimbizana bega kwa bega. Makala iliyotoka iliandikwa na Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann. Wakati huo hakuna aliyeuliza kazi hii ni ya idara gani. Mwenye swali alilazimika kuielewa na mashine, basi.

Baadaye njia zikaachana. Chuo Kikuu cha Purdue kilianzisha idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962. Stanford ikafuata 1965 chini ya George Forsythe, ambaye mwenyewe alitokea kwenye uchambuzi wa kinamba, ile hisabati ya kutafuta majibu ya makadirio kwa mashine. Idara hizi zikakua na kupata maswali yao wenyewe: lugha za programu, mifumo endeshi, hifadhidata. Ni haki yao kabisa. Lakini kadiri zilivyojitegemea, mwanafizikia mwenye mahesabu yake makubwa alibaki kujifundisha mwenyewe usiku, na mwanafunzi wa kompyuta akaweza kuhitimu bila kuwahi kushika data ya mto, ya mbu au ya nyota.

Mwaka 1982 jopo lililoongozwa na mwanahisabati Peter Lax liliandika ripoti likionya kwamba watafiti wa vyuo vya Marekani hawazifikii kompyuta kuu, na kwamba watu waliofunzwa kuzitumia hawatoshi. Kuanzia 1985 vikafunguliwa vituo vya kompyuta kuu vyuoni. Mwaka 1991 Wizara ya Nishati ya nchi hiyo ikaanzisha ufadhili maalumu wa wanafunzi wa uzamivu katika sayansi ya ukokotoaji. Na mwaka 2001 kikundi kazi cha SIAM, chama cha hisabati tumizi chenye makao yake Philadelphia, kikachapisha ripoti kuhusu elimu ya uzamili na uzamivu ya fani hii, na ndani yake mlikuwa na maduara yetu matatu.

Sasa hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Ripoti ile ilikuwa makini: ilisema wazi kwamba fani hii inayabeba makutano ya yale maduara lakini ni pana kuliko makutano hayo. Yaani kuna kitu kipya pale, chenye maswali yake na njia zake, ambacho hukipati kwa kukata vipande vya fani tatu na kuvigandisha. Vipeperushi vingi vimenakili mchoro na kuliacha onyo.

Kujumlisha kusikofundishwa popote

Nikuonyeshe hicho kitu kipya kwa mfano unaoweza kuujaribu sasa hivi. Fungua Python, andika 1e16 + 1 - 1e16. Utapata 0.0. Halafu andika 1e16 - 1e16 + 1. Utapata 1.0. Namba ni zilezile, umebadili mpangilio tu, na jibu limebadilika.

Python haina kosa. Kompyuta hutunza takriban tarakimu muhimu 16 kwa kila namba ya desimali, kwa hiyo ukiongeza moja kwenye namba kubwa kiasi kile, ile moja haina pa kukaa, inapotea. Sasa fikiria kompyuta kuu inayogawa kazi ya kujumlisha mamilioni ya namba kwa prosesa mia. Kila prosesa inamaliza kwa wakati wake, majumlisho yanafika kwa mpangilio tofauti kila mara, na jibu la mwisho linaweza kutofautiana kidogo mkiani. Kwenye modeli tulivu hutaona kitu. Kwenye modeli ya hali ya hewa, ambako tofauti ndogo hukua, siku chache baadaye unaweza kupata mvua mahali ambapo mwendo wa kwanza ulikuonyesha jua.

Jiulize: somo hili ni la nani? Mwalimu wa hisabati atakwambia mpangilio wa kujumlisha hauna athari, na kwa namba halisi hajakosea. Mwalimu wa kompyuta atakufundisha jinsi namba inavyohifadhiwa kwa biti, pengine wiki moja ndani ya kozi ya usanifu wa kompyuta, kisha ataendelea na mambo mengine. Mwalimu wa fizikia atakupa programu iliyokwisha kuandikwa na kukwambia uiendeshe. Wote watatu wamefundisha sawasawa. Mwanafunzi ametoka na A tatu na shimo katikati, palepale mchoro ulipopaka rangi.

Usidhani ni mambo ya kitabuni tu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulishindwa kulinasa kombora la Scud kule Dhahran, Saudi Arabia, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu kwenye mfumo wa namba jozi, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Kila hesabu ilikata kijisehemu kidogo mno. Baada ya mtambo kuwashwa kwa takriban saa 100, vijisehemu hivyo vilikuwa vimefika sekunde 0.34, na kombora katika muda huo huwa limesafiri zaidi ya nusu kilomita.

Maabara za kawaida nazo zina ajali zake za kimyakimya. Mwaka 2006 kikundi kimoja cha utafiti wa protini kule California kililazimika kufuta makala tano, tatu kati ya hizo zikiwa zimetoka katika jarida la Science, kwa sababu programu ndogo ya ndani ilikuwa imegeuza alama za data na umbo la protini likatoka kama limetazamwa kwenye kioo. Mwaka 2016 watafiti waliopitia makala za jenetiki zilizoambatanishwa na majedwali ya Excel waligundua kwamba takriban moja kati ya kila tano ilikuwa na majina ya jeni yaliyoharibika. Excel iliiona SEPT2 ikadhani ni tarehe 2 Septemba. Mwishowe mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadili majina yenyewe, hivyo SEPT2 leo inaitwa SEPTIN2. Yaani ikawa rahisi zaidi kubadili majina ya jeni kuliko kubadili tabia za watafiti na programu yao ya majedwali.

Kambi mbili za 2020

Kisa kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kile cha janga la korona, maana pale tuliona pande mbili zilizosoma sana zikishindwa kusikilizana.

Tarehe 16 Machi 2020 kikundi cha Imperial College London kilitoa ripoti yake namba 9. Ilikadiria kwamba bila hatua yoyote, watu wapatao 510,000 wangekufa Uingereza na milioni 2.2 Marekani. Ripoti ilitikisa serikali. Siku chache baadaye Neil Ferguson, aliyeongoza kazi hiyo, akasema hadharani kwamba programu iliyotumika aliiandika zaidi ya miaka 13 nyuma kwa ajili ya janga la mafua, maelfu ya mistari ya lugha ya C isiyo na maelezo.

Ilipowekwa wazi mwishoni mwa Aprili, baada ya kusafishwa kwa msaada wa wahandisi wa programu, ghasia zikaanza. Wahandisi wengi waliiangalia na kushika vichwa: majaribio ya programu hayatoshi, na ukiendesha mara mbili kwa mipangilio ileile wakati mwingine unapata majibu tofauti. Wengine wakahitimisha kwamba matokeo yote ni takataka na serikali imedanganywa. Wataalamu wa magonjwa nao wakajibu kwamba modeli hii ni ya kurusha karata, lazima uiendeshe mara nyingi na uchukue wastani, kwa hiyo hao wahandisi hawajui wanachosema.

Nani alikuwa sahihi? Kila upande ulishika ukweli wake na kukataa wa mwenzake. Wahandisi walikuwa sahihi kwamba programu inayoamua maisha ya mamilioni inahitaji majaribio na maelezo, na kwamba ukiipa mashine mbegu ileile ya namba nasibu unastahili kupata jibu lilelile. Wataalamu wa magonjwa walikuwa sahihi kwamba tofauti ndogo kati ya mwendo mmoja na mwingine haziangushi hitimisho la wastani. Stephen Eglen wa Cambridge aliiendesha programu hiyo na kufikia Juni 2020 akawa amepata matokeo yanayokaribiana sana na ya ripoti.

Lakini swali la maana kuliko yote halikuwa la kambi yoyote. Modeli ilikuwa na vigezo 940. Ukivitikisa vigezo hivyo ndani ya mipaka ya yale tusiyoyajua, jibu linayumba kiasi gani? Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa hilo: vigezo 19 ndivyo vilivyoyumbisha matokeo zaidi, na shaka iliyomo kwenye vigezo hivyo iliweza kukuzwa hadi asilimia 300 kwenye matokeo. Kazi hiyo inahitaji takwimu, inahitaji kompyuta kuu ya kuendesha modeli mara elfu kadhaa, na inahitaji mtu anayejua kigezo kipi ni cha ugonjwa na kipi ni cha kujazia tu. Ndiyo sayansi ya ukokotoaji yenyewe, na ilikuja takriban mwaka mmoja baada ya maamuzi kufanyika.

Ndiyo maana nasema wazo ni zuri. Watu wa aina hiyo wanahitajika. Tatizo ni namna tunavyojaribu kuwapata.

Mahakimu wawili, mshtakiwa mmoja

Chukua mwanafunzi wa uzamivu anayejenga modeli ya kueneza malaria kwa kijiji kizima, kila mtu na kila mbu akiwa na rekodi yake. Kazi ya mwaka mzima imekuwa kuifanya modeli iendeshwe kwa saa badala ya siku. Siku ya kutetea pendekezo, mtahini wa kompyuta anauliza: algorithimu mpya iko wapi? Hii umeichukua mahali, ukaiunganisha. Mtahini wa afya ya jamii anauliza: ugunduzi wa kitabibu uko wapi? Sisi malaria tunaijua. Kila mmoja anamwambia arudi akaongeze kidogo upande wake. Mwanafunzi anatoka pale na tasnifu mbili za kuandika kwa ufadhili wa moja.

Hakuna roho mbaya hapo. Kila mtahini anatumia kipimo alichopimwa nacho yeye. Ila chuo kilichochora maduara matatu kilitakiwa pia kuandika kipimo cha nne, cha pale katikati: je, modeli imethibitishwa? Je, mtu mwingine anaweza kuiendesha na kupata kilekile? Je, shaka ya matokeo imepimwa? Je, kuna swali la kisayansi ambalo jana halikujibika na leo linajibika? Maswali haya ni magumu, na mtu anaweza kufeli kwayo kihalali. Bila kipimo hicho, "taaluma mtambuka" ni jina zuri la kudaiwa mara mbili.

Fundi wa maabara

Kuna jambo la tatu, nalo linazungumzwa zaidi mezani wakati wa chai kuliko kwenye vikao. Mtu wa kompyuta akiingia kwenye maabara ya sayansi nyingine hugeuka fundi. "Muite yule kijana wa kompyuta." Ataweka programu, atasafisha data, ataandika modeli, na kwenye makala jina lake litakaa kwenye shukrani, kama likikaa.

Hili lina historia ndefu. Ule utabiri wa 1950 niliokutajia: aliyewafundisha wale mabwana kuandika programu za ENIAC na kuikagua programu ya mwisho ni Klara von Neumann. Makala inamshukuru. Haimtaji kama mwandishi. Miaka mitano baadaye huko Los Alamos, Fermi, Pasta na Ulam walitoa ripoti mashuhuri ya jaribio la kompyuta lililosaidia kufungua njia ya utafiti wa kaosi. Aliyeandika programu na kuiendesha ni Mary Tsingou. Ripoti ilimtaja kwamba alifanya kazi pamoja nao, lakini jina la tatizo likabaki la wale watatu kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2008 Thierry Dauxois alipoandika kutetea jina lake liongezwe.

Kwa mwanafunzi wa leo hii si hadithi ya heshima tu. Chuo kinahesabu makala. Ufadhili unahesabu makala. Kama programu uliyoandika inatumiwa na maabara tano lakini haihesabiki popote, basi mafunzo yenyewe yanakufundisha usiandike programu nzuri. Andika ya haraka, itoe grafu, uihame. Halafu miaka 13 baadaye tunashangaa ikifunguliwa.

Waliojaribu vizuri zaidi

Ule ufadhili wa Wizara ya Nishati ya Marekani una mambo mawili ya kuigwa. La kwanza, mwanafunzi lazima awasilishe mpango wa masomo unaogusa pande zote tatu, na mpango huo unakaguliwa. Huwezi kuchukua kozi moja nyepesi ya Python na kusema umevuka mto. La pili, anakwenda wiki 12 kwenye mojawapo ya maabara za taifa kufanya kazi iliyo nje ya tasnifu yake. Kukaa miezi mitatu na watu wanaotumia neno "modeli" kwa maana tofauti na yako kunafundisha kuliko mihadhara mingi. Udhaifu wake unajulikana: ni wa wachache, na unategemea kwamba nchi ina maabara kubwa zenye milango wazi.

Software Carpentry, iliyoanzishwa 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda, ilikwenda njia nyingine: warsha fupi, kwa kawaida siku mbili, za kumfundisha mwanasayansi Git, Python na mstari wa amri. Ni bei nafuu na zimefika mbali, hata kwetu. Lakini siku mbili zinakupa zana tu. Hazikupi uamuzi wa lini usiliamini jibu lako mwenyewe. Ninawakosoa wanaoziweka kwenye ripoti kama mbadala wa mafunzo kamili.

Afrika nayo haijakaa tu. AIMS, iliyoanza Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003, huwaweka wanafunzi na wahadhiri wageni chini ya paa moja, kozi fupi za wiki tatutatu, Linux na Python tangu mwanzo. Ule ukaribu, wa kumkuta mhadhiri usiku kwenye chumba cha kompyuta na kumuuliza swali la kijinga, mchoro wa maduara hauwezi kuuonyesha. Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha kimeuweka ukokotoaji, mawasiliano na uhandisi ndani ya shule moja, na hiyo inapunguza walau safari ya kwenda kuomba saini jengo la pili. Kwenye bioinfomatiki, mtandao wa EANBiT umeunganisha taasisi kama Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Makerere na icipe ya Nairobi, ili mwanafunzi wa uzamili ajifunze kompyuta akiwa karibu na watu wenye wadudu, vimelea na data halisi. Kwangu hiyo ndiyo hatua yenye mwelekeo sahihi: tatizo lipo mlangoni, si kwenye kitabu cha mazoezi kilichoandikwa kwingine.

Lakini majengo na mitandao ni nusu ya kazi. Kwa kila moja ya hizi ningeuliza lilelile: kipimo cha katikati kimeandikwa wapi?

"Mshika mawili"

Najua utasema: mshika mawili moja humponyoka. Wahadhiri wengi ninaowaheshimu wanasema hivyohivyo. Mfundishe mtu fani moja barabara, wanasema, halafu mweke kwenye timu na wengine. Watashirikiana.

Hoja hii ina nguvu, na programu nyingi dhaifu zinaithibitisha: zinatoa mtu anayejua kidogo cha kila kitu na hawezi kumaliza chochote peke yake. Lakini rudi kwenye kisa cha 2020. Pale walikuwepo wahandisi hodari na wataalamu hodari wa magonjwa, kila mmoja ameshika lake barabara. Walipokutana walitukanana. Timu haijiundi kwa kuwaweka watu chumba kimoja. Anahitajika angalau mmoja anayeelewa kwa nini yule wa kushoto ameshtuka na kwa nini yule wa kulia hajali. Huyo hahitaji kuwa bingwa wa yote matatu. Anahitaji kina katika moja, na uwezo wa kufanya makosa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye mengine mawili bila kuona aibu.

Wapo pia wanaosema siku hizi akili mnemba inaandika programu, kwa hiyo haya ya kujifunza kompyuta yamepitwa. Mimi naona kinyume. Akili mnemba itakuandikia mistari ya kujumlisha kwa sekunde. Kama hujui kwamba mpangilio wa kujumlisha unaweza kubadili jibu, hutajua hata cha kuiuliza.

Uulize nini kabla hujasaini

Basi, ukikutana na ule mchoro, usibishane nao. Uliza maswali haya, kwa adabu, na uandike majibu.

Kwanza, kuna kozi ngapi zinazofundishwa na walimu wawili wa fani tofauti wakiwa darasani pamoja? Kama ni sufuri, makutano utayatafuta mwenyewe.

Pili, nitakuwa na wasimamizi wangapi, na wakitofautiana nani ana neno la mwisho? Omba jibu kwa maandishi. Wasimamizi wawili ni baraka mpaka siku wanapovuta kamba.

Tatu, naomba kuona tasnifu tatu zilizopita na maoni ya watahini wa nje kama yanaruhusiwa kusomwa. Hapo utaona kipimo kinachotumika kweli, tofauti na kile cha kwenye kipeperushi.

Nne, programu nitakayoandika itahesabika vipi? Je, inaweza kuwa sura ya tasnifu? Je, inaweza kuwekwa wazi kwa jina langu?

Tano, waliomaliza wako wapi sasa, na nani alikwama njiani? Ofisi itakupa orodha ya waliofanikiwa. Waliokwama utawapata kwa wanafunzi wenyewe, kwenye kantini.

Na wewe unayefundisha, au utakayefundisha kesho, nina ombi dogo lisilohitaji mfadhili. Chukua wiki moja ya muhula. Mwite mwenzako wa idara ya pili. Wapeni wanafunzi wenu modeli moja ndogo, ya mbu au ya maji ya mto, waiendeshe kwenye kompyuta mbili tofauti, kisha waeleze kwa nini majibu hayafanani na kama tofauti hiyo ina maana yoyote. Wa hisabati watasema yao, wa kompyuta yao, wa biolojia watauliza swali ambalo hamkulitarajia. Andikeni hapohapo jinsi mtakavyoyasahihisha majibu yao, na mkabidhi karatasi hiyo kwa kamati ya mitaala. Kipimo cha katikati kinaweza kuanzia hapo.